Jino la kupandikiza likicheza
Ukiuliza kama jino la kupandikiza likianza kucheza ni lazima ling'olewe, la, si lazima. Madaktari wa meno waangalie kwanza kinachocheza ni nini, kama ni ile kofia ya juu, yaani jino bandia linaloonekana, mara nyingi skrubu imelegea tu, inakazwa yaisha, lakini ikiwa ni kile chuma chenyewe cha ndani ya taya basi hakijashikana na mfupa, hicho hutolewa, mfupa uachwe upone miezi kadhaa ndo ujaribiwe tena. Mamangu hapa Malindi ilimpata hii ya pili, ana sukari na ilikuwa juu, mpaka alipopigwa eksirei Mombasa ndo ikajulikana. Sahii ana meno bandia ya kuvaa na kuvua, rahisi kwa bei ila mahamri lazima achovye chai kwanza 😅. Briji nayo, yaani jino bandia linaloshikizwa kwa meno ya kando, husagwa hayo meno ya jirani, kama yako ni mazima mi singekubali.