Barua kwa Rehema: yule kijana wa darasa la 1954

Mwanangu Rehema,

Assalaam aleykum. Ama baada ya salamu, sisi huku Tanga hatujambo, ila mvua imeshika na njia ya Mabokweni ni tope tupu. Swali lako nimelipata. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza.

Umeuliza: Ngũgĩ wa Thiong'o, yule mwandishi wa Kenya, alipata wapi haki ya kuwasema kina Chinua Achebe wa Nigeria kwa kuandika Kiingereza, wakati kitabu chenyewe anachowasemea, hicho cha insha nne cha 1986 ulichoniachia, Decolonising the Mind, kakiandika kwa Kiingereza? Unasema wenzako mnaosoma pamoja mmegawanyika, na wewe uko na Achebe.

Jibu la hilo analo mwenyewe mwanzoni mwa kitabu. Anaaga. Anasema baada ya hapo haandiki tena kwa Kiingereza, ni Kigĩkũyũ na Kiswahili moja kwa moja. Kwenye riwaya alitimiza. Kwenye insha na kumbukumbu za maisha yake Kiingereza kilirudi, na mkitaka kumbana, mbaneni hapo. Mimi nimekisoma na kamusi mkononi, nimefika insha ya nne, na si hilo lililoninyima usingizi.

Insha za mtu wa riwaya huwa nazisoma nikivizia mahali anapoacha kubishana akamtaja mtu. Hoja yoyote anaweza kuwa kaitoa kwa wenzake, na mengi anayoyasema Ngũgĩ kuhusu ukoloni wengine walikwisha kuyasema. Lakini katika insha ya kwanza, akiwa katikati ya kueleza jinsi Kiingereza kilivyofanywa mlango wa kila kitu Kenya ya wakoloni, anamkumbuka kijana mmoja wa darasa lao la 1954. Kijana huyo alipata alama za juu kabisa katika masomo yote, akaanguka Kiingereza peke yake. Kwa hilo moja akahesabiwa kaanguka mtihani mzima. Akaenda kuwa utingo kwenye kampuni ya mabasi. Ngũgĩ, ambaye kwingine alipita tu lakini Kiingereza alifanya vizuri, akachukuliwa Alliance High School, akaenda Makerere, dunia ikamjua. Ni mistari michache. Kisha anaendelea na hoja zake.

Mimi sikuweza kuendelea. Nilifunga kitabu nikaenda kukaa barazani.

Mjomba wako Salimu unamjua wa sasa, wa pale Deep Sea, anayeletewa injini za boti kutoka Moa na Pangani, aliyekutengenezea baiskeli yako mara ngapi. Wa 1974 humjui. Mwaka ule alifaulu darasa la saba akaingia kidato cha kwanza, mimi nikiwa kidato cha tatu shule hiyohiyo, na babu yako alichinja mbuzi ambaye hatukuwa na uwezo wa kumchinja. Shule ya msingi Salimu alisoma kila kitu kwa Kiswahili, maana tangu 1967 ndivyo serikali ilivyoamua. Alikuwa mtoto wa kuuliza maswali mpaka walimu wanamkimbia. Kidato cha kwanza, wiki za mwanzo, mwalimu wa fizikia alichora kapi ubaoni akauliza, kwa Kiingereza, linafanya kazi gani, na kwa nini ukiongeza kapi la pili mzigo unakuwa mwepesi.

Rehema, yule mtoto alikuwa akivuta henza, ile kamba ya kupandishia tanga, kwenye mashua ya baba yake tangu hajaanza shule. Akanyosha mkono, akasimama, akaeleza. Kapi moja linageuza njia ya kamba tu: wewe unavuta chini, foromali, ule mti unaobeba tanga, inapanda juu, lakini uzito ni uleule. Kapi la pili ukilifunga kwenye mzigo wenyewe, kamba mbili zinagawana uzito, ila gharama yake utavuta kamba ndefu mara mbili. Nasikia alionyesha hata kwa mkono jinsi kamba inavyopita. Ndilo jibu lenyewe lililomo kitabuni, halina kasoro hata moja. Lakini alilisema kwa Kiswahili.

Mwalimu hakumwambia amekosea. Angemwambia amekosea ingekuwa nafuu. Alimwambia lugha hiyo aiache getini, akamvisha kibao cha mbao ya kasha chenye maandishi ya Kiingereza kwamba anayekivaa ni mjinga, akamtoa nje asimame chini ya mwarobaini hadi mapumziko ya saa nne. Mimi nilimwona kupitia dirishani. Kibao kilikuwa kimefungwa kwa kamba ya katani, mbichi bado, zile nyuzi zinazowasha, na mbu wa mvua wanamla miguuni. Nikamwona anashika kamba shingoni. Nilidhani analia. Kumbe anafungua fundo. Lilikuwa limefungwa ovyo, akalifungua, akalifunga upya fundo la kibaharia, akalivuta kulijaribu kama linashika, kisha akakivaa kibao mwenyewe, akarudi kusimama wima.

Nikikumbuka fundo lile hadi leo najivunia na koo linanikaba kwa pamoja.

Hakunyosha mkono tena. Ripoti ya mwisho wa mwaka iliandika kuwa ni mtoto mtulivu. Babu yako alifurahi kusikia mtulivu! Kidato cha pili akaacha. Watu walisema kashindwa na masomo, wengine wakasema bahari imemwita. Mimi nimefundisha shule za msingi maisha yangu yote, nimepeleka sekondari watoto wanaochemka kwa maswali, nimekutana nao mwaka mmoja baadaye wanaangalia chini, na nimesema kila mkutano walionipa nafasi ya kusema: mtoto hanyamazi bure. Usiulize ana nini. Uliza kimemnyamazisha nini.

Ngũgĩ anakisimulia kibao hichohicho, umeona. Kwao aliyekamatwa akisema Kigĩkũyũ karibu na shule alichapwa viboko, au alitozwa faini, au alivishwa bamba la chuma shingoni lenye maneno ya kumdhalilisha. Na watoto walipewa kifungo cha kupokezana, kila aliyekuwa nacho amtafute mwenzake wa kumtupia, ili jioni wajulikane wote. Walifundishwa kuchongeana. Kenya miaka ya 1950 ya mkoloni naielewa. Tanga 1974, miaka kumi na zaidi baada ya uhuru, kwa Waswahili, na mwalimu mwenyewe Mswahili, hapo ndipo sijaelewa mpaka leo.

Sasa ngoja, maana nakusikia ukinikatiza hata humu kwenye karatasi. Utasema: mama, bila Kiingereza usingemsoma Ngũgĩ. Kweli, Kigĩkũyũ sikijui. Bila Kiingereza Ngũgĩ asingekaa na Achebe kwenye mkutano wa waandishi wa Afrika pale Makerere mwaka 1962 na kumpa mswada wake wa riwaya ausome, Mkikuyu na Mwigbo wangeelewana kwa lugha gani? Achebe alisema lugha hii amepewa na ataitumia, na ataikunja ibebe mambo yake. Nayo ni kauli ya mtu mzima mwenye akili. Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyemtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili kuonyesha kuwa Kiswahili kinabeba chochote, ndiye aliyesema Kiingereza ni Kiswahili cha dunia. Tume ya elimu ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 sekondari ziingie kwenye Kiswahili, tukangoja, haikuwa. Na wewe kazi yako ya bandarini umeipata kwa kile Kiingereza ulichokuwa unakariri usiku kwa kibatari umeme ukikatika. Mimi ndiye niliyekukaririsha. Sijuti.

Tena kuna jingine ambalo Ngũgĩ halimgusi kama linavyonigusa mimi. Bibi yako alikuwa Mdigo, na Kidigo ndicho alichotuimbia. Shule ya msingi tulichekwa tukikisema. Hakuna aliyetuvisha kibao, lakini mtoto akiteleza neno la Kidigo darasa zima linacheka, na mwalimu anacheka nao. Leo Zuhura wako hajui hata salamu yake. Kiswahili kilichonyimwa Salimu mdomoni ndicho kilichomfuta bibi yako nyumbani mwetu. Nikifika hapo hoja zote zinanigongana, ya Ngũgĩ na ya Achebe, nami nakosa pa kushika. Narudi kwenye ninalolijua: mtoto hanyamazi bure, akinyamazishwa kwa Kiingereza, akinyamazishwa kwa Kiswahili.

Lakini bado, Rehema. Soma tena pale anaposimulia mkutano huo wa Makerere. Yeye alikuwa mwanafunzi tu, ana hadithi fupi mbili zilizochapishwa, akaalikwa kukaa na waandishi wa Afrika. Shaaban Robert hakuwa na sifa ya kuingia, kwa sababu mkutano ulikuwa wa wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert! Mtoto wa Vibambani, Machui, mwendo mfupi tu kutoka nilipoketi. Alikwisha kutoa Kusadikika mwaka 1951, na Adili na Nduguze, na wasifu wa Siti binti Saad, na mashairi ambayo mimi nimeyafundisha na wewe umeyakariri kabla hujajua kufunga viatu. Juni hiyohiyo ya 1962 alifariki. Wakati wanajadili fasihi ya Afrika ni nini, mkubwa wao wa Afrika Mashariki yumo katika siku zake za mwisho duniani, na hakuna aliyeona pengo kwenye viti. Ngũgĩ ndiye aliyeliona na kuliandika, baada ya miaka ishirini na zaidi, na kwa hilo mimi namheshimu hata mkinionyesha insha mia za Kiingereza alizoandika baadaye. Mkikuyu wa Limuru, aliyefungwa gereza la Kamiti karibu mwaka mzima bila kesi kwa tamthilia ya lugha yake, amemkumbuka mtu wetu. Sisi wenyewe wa Tanga tulimkumbuka vipi?

Ninachomlaumu ni kimoja. Yule kijana wa 1954 hakumtaja jina. Labda alimficha kwa heshima, labda alimsahau, lakini mtu aliyeacha nafasi ambayo wewe umeikalia, jina lake ulitunze. Ijumaa iliyopita Salimu alikuja kula, nikamfasiria ukurasa ule neno kwa neno. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Anaitwa nani huyo?" Nikamwambia haikuandikwa. Akauliza lile basi lilikuwa la aina gani. Nayo haikuandikwa. Akasema mabasi ya miaka ile, utingo aliyetulia kichwani ndiye aliyekuwa fundi wa njiani, dereva alikuwa kushika usukani tu, basi likifia porini anayejua ni utingo. Kisha akaomba mchuzi uongezwe. Ya kibao hatujawahi kuyazungumza, mimi na yeye, na Ijumaa hiyo pia hatukuyazungumza.

Kwa hiyo kati ya Ngũgĩ na Achebe umeniomba nichague, na moyo wangu unaujua unakolalia, lakini sitasema nani kashinda. Wote wawili walichaguliwa na mtihani wa namna ileile iliyomwacha kijana yule, na mtu wa kuwahukumu angekuwa yeye. Kama mnakutana tena na wenzako, wasomee ukurasa huo kwanza kabla hamjaanza kubishana, halafu waulize kila mmoja kwao utingo alikuwa nani. Kila ukoo anaye.

Kitabu sikurudishii bado, insha ya nne naenda nayo taratibu.

Kuhusu shule mliyompeleka Zuhura, hiyo ya Kiingereza tangu chekechea, hujaniuliza. Mumeo nilimsikia akisema mwalimu wao kawasifu kuwa mtoto wenu ni mtulivu sana darasani. Zuhura, mtulivu! Zuhura aliyekuja hapa Idi akaniuliza mpaka kwa nini kobe hana sikio. Mimi ni bibi tu, ada mnalipa nyinyi, nimejiambia nisiseme na sisemi. Lakini niulize, mwanangu. Niulize kabla muhula haujafunguliwa.

Msalimie mumeo. Zuhura mbusu.

Mama yako