Huyo si Siafu, na Uwanja Wako Hauna Kiota

Swali: Mtaalamu, hapa nyumbani Kaole, Bagamoyo, mwanangu alimshika mdudu mwenye manyoya, kifua chekundu na tumbo jeusi lenye madoa meupe, akachomwa na kulia sana. Mpuliza dawa amesema ni malkia wa siafu, na kwamba lazima apulizie uwanja mzima kabla kundi halijatoka. Je, ni kweli?

Jibu: Si kweli, dada yangu. Huyo ni nyigu jike asiye na mabawa, wa familia ya Mutillidae. Dume lake huruka na halichomi, kwa kuwa mwiba wa nyigu ni kiungo cha kutagia mayai kilichogeuka silaha.

Rangi peke yake isikudanganye. Mfunike kwa glasi, kisha mtazame kichwani na kiunoni: papasi za siafu, yaani zile pembe nyembamba za kichwani, zimekunjika kama kiwiko, ilhali za huyu zimejipinda polepole kama uzi, wala hana kile kinundu kilichosimama baina ya kifua na tumbo la siafu. Akibanwa hutoa mlio mwembamba, na ngozi yake ni ngumu kiasi cha kupinda pini zangu za kuhifadhia wadudu.

Linalonikera ni habari ya kiota. Nyigu huyu hana malkia wala kundi. Hukimbia peke yake mchangani akitafuta mashimo ya nyuki na nyigu wa ardhini, atage yai kwenye buu la mwenye shimo, ambalo huliwa na buu lake. Aina moja ya Afrika hutaga ndani ya bundo (gamba ambamo buu hugeuka mdudu kamili) la mbung'o, ambaye watu wa Saadani wanamjua kuliko mimi. Kwa hiyo dawa hiyo haitalikuta kundi lolote. Itaua nyuki wanaochavusha mboga zako, na itabaki kwenye mchanga anaochezea mtoto yuleyule.

Anayetaja bei kabla hajainama kumtazama mdudu anauza hofu, si dawa, na kesho atamwona malkia wa siafu kwa jirani yako pia. Mwambie akuonyeshe hicho kiota. Wenzake ni wale wanaochanja palipochomwa kwa wembe na kubandika jiwe jeusi, ilhali mwiba wa nyigu huyu haubaki mwilini, na sumu yake huuma mno kuliko inavyodhuru. Wembe mchafu ndio unaoweza kuleta pepopunda. Osha kwa sabuni, weka kitambaa cha maji baridi, na uso ukivimba au pumzi ikibana, mpeleke mtoto hospitali papo hapo.