Mseto sio kinga: jibu kwa wanaotoka Dodoma kwenda kutembea pwani ya Pangani

Swali: "Shikamoo dokta. Tupo watu sita tunafanya kazi hapa Dodoma, mwezi wa kumi na mbili tunataka kutembea kwa miguu pembeni ya bahari kutoka Pangani mpaka Saadani, tunalala kijiji kwa kijiji, Ushongo, Kipumbwi, Mkwaja, kama siku tano hivi. Muuza dawa wa mtaani kwetu katuambia kila mmoja ameze dozi ya mseto kabla ya safari ili asiugue malaria huko. Mwenzetu mmoja ye anasema chai ya majani ya pakanga, yaani artemisia, inatosha, na wawili waliokulia Tanga wanasema damu yao imeshazoea. Tufanye lipi?"

Jibu: Marahaba ndugu yangu. Hili la kumeza mseto kabla ya safari naulizwa hapa famasi kila likizo ikikaribia, anayeenda Kilwa, anayeenda Mafia, anayeenda harusini Muheza, wote wameambiwa kitu kilekile na wengi wanakuja wameshanunua tayari, wanataka tu niwaambie sawa. Sio sawa. Mseto unatibu malaria iliyokwisha kuingia kwenye damu. Kinga sio kazi yake, na aliyekuuzia kama kinga kakuuzia kitu ambacho hakijui.

Ngoja nieleze maana hapa ndo watu wanapopotea. Mbu mwenye malaria akikung'ata usiku Kipumbwi, vimelea vinakimbilia kwenye ini na kukaa huko kama wiki hivi vinazaliana bila wewe kuhisi chochote, ndo vitoke viingie kwenye chembe nyekundu za damu, na homa mara nyingi inaanza kati ya siku ya 7 na ya 14 tangu ung'atwe, saa nyingine inachelewa zaidi. Sasa mseto wenyewe ni dawa mbili, artemetha ambayo inaua kwa kasi ila ndani ya saa chache imeshapungua sana mwilini, na lumefantrini ambayo inabaki siku kadhaa kumalizia. Zote zinapiga vimelea vya kwenye damu, vya kwenye ini zinaviacha. Piga hesabu mwenyewe: umemaliza dozi Ijumaa, Jumamosi umepanda basi, Jumanne mbu kakung'ata Mkwaja, vimelea vinatoka kwenye ini wiki inayofuata, hapo dawa iliyobaki ni kidogo, haitoshi kuviua lakini inatosha kuvizoesha.

Na kuzoea dawa sio kitisho cha mdomoni. Klorokwini iliondolewa kuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini mwaka 2001 kwa sababu ilikuwa haitibu tena, ikaja SP, yaani vidonge vya sulfadoksini na pirimethamini, nayo haikudumu, mseto ukaanza kutumika 2006. Mwaka 2024 umechapishwa utafiti unaoonyesha kule Kagera wapo vimelea ambavyo dawa za jamii ya artemisinini, ambayo artemetha ya kwenye mseto ni mojawapo, zinachelewa kuviondoa mwilini. Mseto bado unatibu, msiogope kuutumia mkiugua kweli, lakini nyuma yake hakuna foleni ndefu ya dawa nyingine zinazosubiri.

Pakanga nayo. Ni kweli artemisinini imetokana na mmea wa jamii hiyo, na Tu Youyou wa China alipata tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kuigundua. Ila ile ni dawa iliyochujwa na kupimwa, kila kidonge kinajulikana kina kiasi gani. Majani ya kwenye sufuria hujui, ya shamba hili yana nyingi, ya shamba lile hayana kitu, na Shirika la Afya Duniani halikubali chai wala unga wa majani hayo, iwe kwa kutibu au kwa kukinga.

Hao waliokulia Tanga mimi ndo wananitia wasiwasi kuliko wengine. Ile nguvu ya mwili kwa mtu wa pwani inatokana na kung'atwa mara kwa mara miaka yote, ukihamia Dodoma kwenye ukavu na malaria chache, inapungua. Tangu serikali ihamie huku tuna watu kibao wa namna hiyo, mtu ana miaka kadhaa Area D hajaugua malaria hata mara moja, anarudi kwao anakaa barazani kifua wazi mpaka usiku kama zamani. Kinachompata ni kilekile kinachompata mgeni.

Kingine nachosikia ni kwamba baharini hakuna mbu wa malaria kwa sababu maji ni ya chumvi. Pwani yetu ina aina ya mbu wa malaria anaitwa Anopheles merus, huyo anazaliana vizuri tu kwenye maji yenye chumvi, yale madimbwi yanayobaki nyuma ya mikoko bahari ikitoka. Ufukweni wenyewe upepo unawasukuma, kwaiyo mchana mzima mnaona hakuna kitu, alafu jioni mnaingia kijijini nyuma ya minazi ambako upepo haufiki. Na huo mwezi wa kumi na mbili mvua za vuli za pwani zinakuwa zimepiga tayari, madimbwi ya maji baridi nayo yapo.

Kwaiyo fanyeni hivi. Kila mtu abebe chandarua chake chenye dawa na kamba ya kukifungia, msitegemee cha gesti, vingi vimetoboka. Kuanzia saa kumi na mbili jioni suruali ndefu na soksi, maana mkiwa mmekaa mbu hawa wanapenda sana kushuka chini kwenye vifundo vya miguu, na mtu aliyetembea siku nzima kitu cha kwanza anachofanya ni kuvua viatu, kukunja suruali na kuchezea malengelenge yake gizani. Nawa miguu mapema, funga vidonda, paka dawa ya kufukuza mbu yenye DEET, vaa soksi. Mkipaka mafuta ya jua mchana, yaanze hayo ndo DEET ije juu yake.

Dawa za kinga za kweli zipo, ila zinapangwa na daktari baada ya kuwajua. Doksisaiklini ya mg 100 inaanza siku moja au mbili kabla, kila siku mkiwa huko, na wiki nne baada ya kurudi, na hizo wiki nne ndo watu wanazoziacha. Inafanya ngozi iungue na jua haraka, sasa nyie mnatembea ufukweni kutwa, fikirieni hilo. Kidonge mmeze na maji mengi na msilale hapohapo, kinaunguza koo. Mjamzito asiiguse. Ya atovakwoni na proguanili inaishia siku 7 baada ya kurudi, ila bei yake imechangamka.

Maumivu ya miguu njiani tumieni parasetamoli, acheni diklofenaki na brufeni. Pwani kuna homa ya dengi pia, mbu wake anang'ata mchana, na hizo dawa zinaongeza hatari ya kuvuja damu ukiwa nayo, mbali na zinavyoumiza figo za mtu aliyepungukiwa maji. Na mkifika mpaka wa hifadhi ya Saadani msijiendee wenyewe, mle kuna simba, tembo na viboko, pangeni na askari wa hifadhi kabla hamjatoka Dodoma.

Sasa linalosahaulika kabisa. Kwa zile siku za kukaa kwenye ini, mtakuwa mmesharudi ofisini Mtumba hapa Dodoma ndo homa inaanza. Mtu atasema uchovu wa safari, mwingine atapimwa ataambiwa UTI au taifodi na kupigwa sindano, kwa sababu huku malaria haifikiriwi haraka. Homa yoyote ndani ya miezi mitatu baada ya kurudi nenda kapime siku hiyohiyo na sema mwenyewe bila kuulizwa kwamba ulilala Pangani tarehe fulani. Kipimo kikisema huna malaria na homa ikaendelea, rudi upimwe tena kesho yake, malaria kali haikupi wiki ya kujifikiria.

Na nyie mnaouza dawa, haya nawaambia kama mwenzenu. Kipimo cha kutoboa kidole kinatoa jibu ndani ya dakika ishirini. Mtu anakuja na mafua anapewa mseto, anakuja na mning'inio wa pombe anapewa mseto, anasafiri anapewa mseto, alafu akipona siku ya pili vidonge vinavyobaki kwenye vile 24 vya dozi anamgawia jirani. Anayeugua kweli mpeni vyote 24, vinne vinne, dozi ya pili saa 8 baada ya ya kwanza kisha asubuhi na jioni mpaka siku tatu ziishe, na mwambieni amezee chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, maana bila hivyo lumefantrini hainyonywi vizuri. Asiyepimwa mrudisheni akapime kwanza, hata kama pesa keshaiweka mezani.