Maswali ya wasomaji: Mtoto mdogo na sanaa ya baroki, tunaanzia wapi?

Shangazi shikamoo. Naishi Rotterdam na mume wangu na watoto wawili, mmoja ana miaka minne mwingine saba. Huyu wa saba karudi shule juzi anasema mwalimu kawaonesha picha ya Rembrandt, yule mchoraji wa Uholanzi wa zamani, sasa kila siku ni twende Amsterdam tukaione yenyewe. Mi nimekulia Tanga, mambo haya sikufundishwa, na nikitafuta kwenye simu hizo picha za baroki naona giza giza, watu uchi, mara kichwa kinakatwa. Hivi kweli ni vitu vya watoto? – Mama wa wawili

Marahaba mwanangu. Ni vya watoto kabisa, ila sio vyote, na hapo ndo kazi yako ilipo, kuchagua.

Baroki ni sanaa ya Ulaya ya miaka ya 1600 na kuendelea kidogo miaka ya 1700, na wachoraji wa wakati ule walipenda sana kumkamata mtu katikati ya tendo, anakimbia, anapiga ngoma, anageuka kwa mshtuko. Mtoto wa miaka minne hakuulizi mchoraji alikusudia nini, anauliza "huyu anafanya nini?", na kwenye picha hizi jibu lipo kila mara. Ndo maana mi nasema baroki inamfaa mdogo kuliko michoro mingi ambayo watu wamekaa tu wametulia wanakutazama.

Basi nendeni Amsterdam. Rijksmuseum, jumba la makumbusho la kule, walio chini ya miaka 18 hawalipi, unalipa wewe na baba yao tu. Msizunguke jumba zima, jamani, hapo ndo wazazi wengi wanawachosha watoto, mpaka mnafika kwenye picha mliyoifuata mdogo ashaanza kulia. Pandeni moja kwa moja mpaka kwa The Night Watch, picha ya walinzi wa mji na silaha zao, Rembrandt aliimaliza 1642, ina zaidi ya mita tatu na nusu kwenda juu na zaidi ya nne kwa upana, yaani watu wa mle ndani ni wakubwa kama watu kweli. Tangu 2019 wataalamu wamekuwa wakiichunguza na kuifanyia kazi ndani ya chumba cha vioo palepale ukumbini, kwa hiyo msishangae mkikuta vyombo vyao.

Mkifika usianze kuhadithia. Mwambie mdogo atafute mbwa. Yuko chini upande wa kulia, karibu na mpiga ngoma, kama ngoma inamkera vile. Halafu atafute kuku, na huyo ananing'inia kiunoni kwa kasichana kenye gauni linalong'aa kati ya wanaume wote wale wenye silaha. Mkubwa mpe kazi ngumu zaidi: yule kapteni wa katikati mwenye nguo nyeusi kanyoosha mkono mbele, sasa kivuli cha ule mkono kimeangukia wapi? Kipo kwenye koti la njano la luteni aliye pembeni yake, vidole unaviona kabisa. Mkirudi nyumbani zimeni taa, mmoja anyooshe mkono, mwingine ashike tochi ya simu, wahangaike mpaka kivuli kitue tumboni kwa baba. Hapo mtoto kashaelewa Rembrandt alivyocheza na mwanga na wala hujatoa somo.

Na mwambieni kwamba mwaka 1715 picha hii ilikatwa kingo ili itoshe kwenye ukuta wa jumba la mji, na baadhi ya watu wa upande wa kushoto wakapotea nazo. Watoto hilo huwauma sana, watakuuliza vile vipande viko wapi, na jibu ni kwamba mpaka leo havijaonekana.

Kuhusu vichwa kukatwa, hiyo uliyoiona naamini ni ya Caravaggio, mchoraji wa Italia, Judith akimkata adui kichwa. Iache, tena kwa miaka mingi. Caravaggio huyohuyo ana picha ya Yesu akimwita Mathayo, ya 1599 hadi 1600, iko kanisani San Luigi dei Francesi kule Roma: watu wako mezani na hela zao, mwanga unaingia kutoka kulia, mkono unanyooshwa, na kijana mmoja pembeni kainama anahesabu sarafu wala hana habari. Hiyo unaweza kumuonesha hata wa miaka minne. Uchi wa sanamu usikutie hofu, watoto wanauliza mara moja, unawajibu kawaida, wanaendelea. Mi kinachonizuia ni ukatili. Sanamu ya Bernini, mchongaji wa Italia, ya Proserpina wa hadithi za Kirumi akitekwa ni kazi kubwa mno lakini ni binti anachukuliwa kwa nguvu analia, simuoneshi mtoto mdogo.

Shangazi habari za kazi. Mi ni mwalimu wa awali hapa Mwanza. Huku makumbusho ya namna hiyo hatuna, nina simu yangu na bando la kubana. Naweza kuwaonesha nini watoto 40? – Mwalimu, Mwanza

Mwalimu, nyie wa Mwanza mna sababu yenu wenyewe ya kuiangalia baroki, wala sitanii. Kule Roma, uwanja wa Piazza Navona, kuna Chemchemi ya Mito Minne aliyoibuni Bernini, ilikamilika 1651. Mito minne imechongwa kama majitu manne yamekaa juu ya miamba: Danube, Ganges, Rio de la Plata na Nile. Nile ndo huyo aliyejifunika kichwa kwa kitambaa uso hauonekani, kwa sababu Wazungu wakati ule hawakujua mto huu unatokea wapi. Karibu na hapo kuna mti wa jamii ya mitende, na simba kainama kunywa maji.

Sasa ziwa ambalo watoto wako wanaliona kila siku ndilo Nile inamotokea, kule Jinja upande wa Uganda. John Speke, msafiri wa Kiingereza, alifika huko kwenu mwaka 1858, zaidi ya miaka 200 baada ya sanamu kumalizika, ndo Ulaya ikaanza kupata jibu, wakati wenyeji wa ziwa walikuwa wanavua humo miaka yote. Waambie watoto hivyohivyo. Wachukue kanga, mmoja mmoja ajifunike akae kama Nile, wenzake wamwambie maji yake yanatoka wapi, kisha wamfunue.

Bando likiruhusu, Rijksmuseum wameweka bure mtandaoni picha ya The Night Watch yenye pikseli bilioni 717, unaikuza mpaka unaona nyufa za rangi kwenye jicho la mtu. Bando likikataa, pakua picha moja ya ile chemchemi ukiwa sehemu yenye waifai, kaichapishe stesheneri kwa ukubwa wa A3, inatosha muhula mzima. Halafu leta udongo. Bernini naye alianza na visanamu vidogo vya majaribio vya udongo kabla ya kugusa jiwe, kwa hiyo hawaigizi, wanafanya alivyofanya. Mtu wa kusimama wima usimkubali, wape sharti moja tu: awe anafanya kitu, anavuta nyavu, anaruka majini, anakimbiza kuku.