Stima ikipotea, barua pepe zinagoma: kosa liko wapi?

SWALI: Fundi, salamu. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Mamboleo hapa Kisumu. Nina kompyuta ya mezani ya miaka mingi, na barua pepe zangu za Gmail nazisomea kwenye Thunderbird. Wiki iliyopita mvua ilinyesha sana na stima ikapotea usiku kucha. Tangu hapo programu inafunguka lakini haileti barua hata moja. Kinatokea kidirisha kinachosema cheti cha usalama si halali, kisha naulizwa kama nakikubali hivyo hivyo. Simu yangu, iliyo kwenye waifai ile ile, inapokea barua kama kawaida. Tovuti ya benki nayo inakataa kufunguka kwenye kompyuta. Isitoshe, rasimu ya barua niliyoiandika asubuhi yake siioni. Mjukuu wangu anasema tuondoe programu tuiweke upya, lakini mna barua zangu tangu 2011. Nifanyeje?

JIBU: Salamu zimefika, Mwalimu, na pole. Mwambie mjukuu asubiri kwanza. Usiondoe chochote, wala usibofye kitufe cha kukubali cheti hicho. Tazama pembe ya chini ya skrini, upande wa kulia: tarehe inasemaje? Nitashangaa kama mwaka ulioandikwa hapo ni huu tulio nao.

Swali lako limejibu zaidi ya nusu. Simu inapata barua, kwa hivyo akaunti ni nzima, na waifai pia. Benki inakataa kufunguka, na brauza si Thunderbird; programu mbili zisizohusiana haziharibiki usiku mmoja. Kilichobaki ni kitu ambacho zote mbili zinakitegemea, nacho ni saa ya kompyuta.

Kila Thunderbird inapoiendea seva ya Gmail, seva hutoa cheti kuthibitisha kwamba ni yenyewe kweli. Cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na programu hulinganisha tarehe hizo na saa ya kompyuta yako, maana haina saa nyingine. Vyeti vya Google hudumu takriban miezi 3, kisha hutolewa vipya. Kompyuta ikiamini kwamba leo ni Januari 2012, cheti cha mwezi uliopita kitaonekana hakijaanza kutumika. Gmail haina kosa, na cheti hakina kosa. Saa ndiyo inayodanganya.

Na kwa nini saa irudi nyuma? Juu ya bodi kuu ya kompyuta kuna betri bapa ya duara mithili ya sarafu, inaitwa CR2032: volti 3, upana milimita 20, unene milimita 3.2. Kazi yake ni kuendesha saa wakati kompyuta haipati umeme. Wengi hupotea hapa: kompyuta ya mezani ikizimwa huku plagi ikiwa bado kwenye soketi inayowaka, saa hutumia umeme wa ukutani. Betri inaweza kufa na usijue kwa miezi, mpaka siku stima itakapopotea kwa saa nyingi. Na hapa Kisumu, ambako mvua ya jioni huteremka na radi zake kutoka upande wa Nandi, siku hiyo haikawii. Huwa naletewa kompyuta ambazo zimeshawekewa Windows upya na bado zinasoma mwaka 2010. Pesa imelipwa, na betri hakuna aliyeigusa.

Tuanze na tarehe. Bofya saa kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uingie kwenye mipangilio ya tarehe, uweke siku, mwezi, mwaka na saa kwa mkono. Usingoje ijirekebishe yenyewe, kwani Windows ikikuta tofauti ya miaka inaweza kukataa kuirekebisha. Hakikisha ukanda wa saa ni wa Nairobi, yaani UTC+3, ndipo uruhusu saa ijiweke kutoka mtandaoni. Funga Thunderbird kabisa, uifungue tena. Barua za wiki nzima zitaanza kumiminika, na benki itafunguka.

Usipobadilisha betri, hata hivyo, mchezo utarudi stima ikipotea tena. Zima kompyuta, chomoa plagi, kisha ubonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Fungua ubavu wa kasha, gusa chuma chake kwanza, halafu usukume kijishikizo kidogo kando ya betri, nayo itachomoka. Mpya ikae upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Betri hii ndiyo ile ile inayotumika kwenye rimoti nyingi za magari, kwa hivyo mafundi wa saa na maduka ya vifaa vya umeme huwa nayo, na bei yake ni ndogo. Ukiwasha, kompyuta huenda ikakuomba ubonyeze F1. Bonyeza, halafu uiwekee tarehe mara ya mwisho.

Rasimu haijapotea. Iliandikwa stima ikiwa imerudi, sivyo? Basi imepigwa tarehe ya uongo, na ikiwa umepanga barua mpya zikae juu, yenyewe imezama chini kabisa ya folda ya rasimu. Shuka mpaka mwisho utaikuta.

Kuhusu kile kitufe cha kukubali: ukikibofya, Thunderbird inaweza kuhifadhi ruhusa hiyo, na cheti ndicho kinga yako dhidi ya seva bandia. Ikiwa mtu alishakibofya, ingia kwenye mipangilio ya faragha na usalama, fungua orodha ya vyeti, nenda sehemu ya seva, ufute ruhusa hiyo.

Sasa barua zako za 2011. Fungua mipangilio ya akaunti usome jina la seva ya kupokelea. Ikiwa ni imap.gmail.com, barua ziko Google na unachokiona ni nakala. Ikiwa ni pop.gmail.com, huenda nyingine ziko kwenye kompyuta hiyo peke yake, na hapo ningekosa usingizi. Kwa vyovyote vile, tafuta folda ya wasifu wako, ambamo Thunderbird huweka barua na mipangilio yako, kupitia menyu ya msaada, kwenye taarifa za utatuzi, ufunge Thunderbird, kisha unakili folda nzima kwenye diski ya nje. Flashi nyingi zimepangwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kuhifadhi faili, ambao haupokei faili inayofika GB 4, na kikasha cha miaka mingi kinaweza kupita hapo. Kuondoa Thunderbird kwa kawaida hakufuti folda hiyo, lakini mimi nisingebahatisha.

Wasomaji wengine ambao tarehe yao iko sawa na programu inakataa nywila tu: tatizo lenu ni jingine. Tangu 30 Mei 2022 Google ilianza kuzizuia programu zinazoingia kwa nywila tupu. Kwenye mipangilio ya seva, njia ya uthibitisho iwe OAuth2, yaani unaingia kupitia ukurasa wa Google wenyewe badala ya kuipa programu nywila, kwa seva ya kupokea na ya kutuma pia. Hiyo ya kutuma husahauliwa sana.

Mwalimu, uendelee kuchomoa plagi radi zikianza. Betri mpya itaitunza saa. Ikiwa utaiweka na tarehe bado irudi nyuma, kagua kwanza kama imekaa sawa kwenye kitako chake. Ikiwa imekaa sawa na saa bado inagoma, nitumie picha ya bodi tuangalie.