Komisiyo imekamata komisiyo?

Swali: Mwalimu, jambo sana. Mimi ni mama wa Katuba, hapa Lubumbashi. Ninaandaa kipindi cha redio juu ya makato ya benki, na nimependa kuanza na habari ya Australia, kule serikali ilikounda "commission royale" ya kuchunguza mabenki. Nimeandika hivi: "Komisiyo ya kifalme ya Australia ilihukumu mabenki juu ya mwenendo mbaya, sababu yalikamata komisiyo ya bure." Mama mkwe wangu alinisikia nikisoma, akauliza: sasa komisiyo imekamata komisiyo? Nisaidie.

Jibu: Mama, mkwe wako ana sikio zuri. Amelishika kosa palepale lilipo.

Neno komisiyo kwetu limebebeshwa mizigo mingi mno. Komisionere akikutafutia nyumba Kamalondo anadai komisiyo yake, mara nyingi kodi ya mwezi mzima. Benki ikikata kitu kwenye akaunti inaandika komisiyo. Bunge nalo likitaka kuchunguza jambo linaunda komisiyo. Wengi bado wanaikumbuka ile iliyoongozwa na mbunge Christophe Lutundula, iliyotoa ripoti mwaka 2005 juu ya mikataba iliyosainiwa wakati wa vita. Anayesoma gazeti la Kifaransa anaweza kurudi nyuma na kuhakikisha ni komisiyo ipi. Anayesikiliza redio hana pa kurudi.

Miaka michache iliyopita mwalimu mmoja mstaafu aliniletea karatasi ya akaunti yake, ameikunja mara nne. Aliweka kidole kwenye mstari ulioandikwa "commission", na mbele yake kiasi kilichokatwa. Akaniuliza: hii komisiyo ya serikali inayolipwa na pensheni yangu inachunguza nini? Mwaka mzima alikuwa amenyamaza, kwa kuwa aliamini ni mambo ya serikali. Mzee huyo alifundisha watoto kusoma zaidi ya miaka 30, na neno moja lilitosha kumfunga mdomo. Ndiyo maana swali lako silichukulii kama jambo dogo.

Kwa hiyo tuyatenganishe. Wanaochunguza waite tume. Neno hili limetoka kwenye kutuma, na limefanywa kama mtume, kiumbe na mteule: mtume ametumwa, kiumbe kimeumbwa, mteule ameteuliwa. Tume ni watu waliotumwa kazi, na aliyetumwa hurudi kutoa habari kwa aliyemtuma. Hakuna neno la Kifaransa litakalokupa maana hiyo kwa silabi mbili. Sema tume hii, tume hizi, tume ya uchunguzi. Usiseme "tume ya upelelezi", kwa sababu mpelelezi hujificha, na tume ya Australia ilisikiliza mashahidi hadharani, watu wakitazama.

"Ya kifalme" ni tafsiri sahihi, lakini hapa Kongo ina hatari yake. Kule iliitwa hivyo kwa sababu hati ya kuiunda, ya Desemba 2017, ilitolewa kwa jina la Malkia Elizabeth II, ingawa walioamua ni serikali. Hapa kwetu mfalme aliyewahi kuunda tume ya uchunguzi ni Leopold II wa Ubelgiji, mwaka 1904, alipobanwa juu ya mateso ya Wakongomani waliolazimishwa kuvuna utomvu wa mpira. Watu watatu walitumwa, wakasikiliza mashahidi Wakongomani, na ripoti yao ya 1905 ikakiri mengi ya yale mabaya. Msikilizaji anayeijua historia hiyo, ukimwambia "tume ya kifalme" mawazo yake yatakwenda huko kwanza. Mimi ningesema "tume ya uchunguzi ya Australia", basi.

Neno la kuondoa kabisa ni "ilihukumu". Aliyeiongoza, Kenneth Hayne, alikuwa jaji mstaafu wa Mahakama Kuu ya nchi ile, na pengine hapo ndipo ulipoteleza. Aliweza kuwaita wakubwa wa mabenki waape na kujibu, lakini hakuweza kumfunga mtu wala kumtoza faini. Alichotoa ni ripoti, iliyotangazwa Februari 2019, yenye mapendekezo 76. Tume huchunguza, hubaini, hupendekeza. Kuhukumu ni kazi ya mahakama, na redio ikichanganya hayo mawili watu watauliza kwa nini waliohukumiwa wanatembea barabarani.

Sasa "mwenendo mbaya". Kwetu mwenye mwenendo mbaya ni mlevi, mgomvi, anayelala nje. Kwa benki tumia utovu wa maadili, kama tunavyosema utovu wa adabu na utovu wa nidhamu. Lakini lisemwe mara moja tu, halafu taja kitendo chenyewe. Ukisema "utovu wa maadili" mama aliye jikoni ataendelea kusonga bukari. Mwambie kwamba mshauri mmoja wa fedha aliendelea kumtoza mteja kwa zaidi ya miaka 10 huku akijua ni marehemu, na mwiko utasimama sufuriani. Jambo hilo lilisemwa mbele ya tume mwaka 2018.

Limebaki lile la pesa. Kule Australia makosa hayo yaliitwa kwa Kiingereza "fees for no service"; wengine wanafasiri "ada bila huduma", na mimi silipendi. Ada ni desturi kwanza, kisha malipo yaliyozoeleka kwa kazi iliyofanyika: ada ya mkunga, ada ya fundi. Pasipo kazi, hapana ada. Yaite makato, neno ambalo umelitumia vizuri wewe mwenyewe mwanzoni mwa barua yako. "Kukamata" kwa maana ya kuchukua kila mtu hapa Lubumbashi atakuelewa, lakini penye habari ya uchunguzi wengine watasikia polisi, weka "kukata". Na "ya bure" iache, maana msikilizaji anaweza kudhani benki zilitoa kitu bila malipo.

Sentensi yako basi iwe hivi: "Tume ya uchunguzi ya Australia ilibaini utovu wa maadili katika mabenki: yalikata pesa za wateja kwa huduma ambayo hayakuitoa, hata pesa za marehemu." Msomee mama mkwe kabla ya kipindi. Akiuliza tena, niandikie.