Barua kwa Mwanangu: Nambari Huandikwa Ubavuni mwa Chupa

Mwanangu Mwanajuma,

Assalamu alaykum. Barua yako ilinifikia juzi baada ya sala ya alasiri, nami nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti ili mama yako asikie. Unasema umepata nafasi ya kusomea uzamivu katika chuo cha tiba cha Nagasaki, miaka minne, na unaniuliza: ukikaa muda wote huo na pipeti na darubini bila kumgusa mgonjwa hata mmoja, utarudi ukiwa bado daktari? Ni kweli kwamba kwa kawaida mgeni asiye na leseni ya Japani haruhusiwi kutibu kule, kwa hiyo wagonjwa utapishana nao kwenye korido tu.

Mimi nilikuwa fundi wa maabara, na mambo ya udaktari nawaachia wenyewe. Ninachoweza kukueleza ni habari ya chupa. Tangu mkiwa wadogo mmenisikia nikisema kwamba kila chupa ina mtu wake, hata kaka yako akayafanya maneno hayo wimbo wa kuoshea vyombo, lakini sijapata kuwaambia niliyapata wapi.

Ilikuwa huku kwetu Kwale, katika utafiti wa kichocho, kabla wewe hujazaliwa. Tulifika shuleni mapema, kwa sababu mayai ya kichocho hutoka kwa wingi kwenye mkojo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Kila mtoto alipewa chupa, akaenda nayo msalani, akairudisha ingali na joto. Mimi nilivuta mililita 10 kwa bomba la sindano, nikazisukuma zipite kwenye kichujio, nikakilaza kichujio juu ya kioo na kuhesabu mayai kwa darubini, yale mayai marefu yenye mwiba mmoja mkiani. Niliipenda kazi ile, tena niliifanya kwa moyo. Nambari ya mtoto niliiandika juu ya mfuniko, kwa kuwa mfuniko ni bapa na kalamu hupita vizuri.

Siku moja akaja mama mmoja na mwanawe wa miaka tisa hivi, akasema mtoto anakojoa damu, na sisi tulikuwa tumeandika kwamba hana kitu, kwa hiyo hakupewa dawa. Nilifungua daftari, nikaiona sifuri, nikamjibu kwa adabu lakini kwa uthabiti: “Mama, kipimo hakidanganyi.” Alinitazama kidogo, akamshika mtoto mkono, wakaondoka.

Miezi michache baadaye nilipelekwa Nagasaki kwa mafunzo. Habari za nguzo ya lango la chuo iliyoinamishwa na bomu la 1945 unazijua, nimekusimulia mara nyingi. Hili sikukusimulia. Wiki ya kwanza nilikuwa nikipanga chupa zangu na kuandika nambari kwenye mifuniko kama nilivyozoea, mwalimu wangu akaja akasimama kando yangu. Akafungua chupa mbili, akaufunga mfuniko wa hii kwenye ile na wa ile kwenye hii, akazirudisha mahali pake, akaenda zake. Hakusema neno. Aliporudi alinikuta nimeshafuta nambari zote na kuziandika upya ubavuni mwa chupa, na mikono yangu ilikuwa ikitetemeka, si kwa kumwogopa yeye, bali kwa sababu nilikuwa nimemkumbuka yule mama.

Jioni ile ndipo aliponieleza kwamba Wajapani nao walikuwa na kichocho chao, kile cha ini na utumbo, kilichowapata wakulima wa mpunga. Huko Yamanashi, mwaka 1897, mkulima mmoja aitwaye Sugiyama Naka, tumbo limemvimba na akijua kwamba hatapona, aliwaomba madaktari wampasue akishafariki ili waijue sababu ya maradhi yaliyokuwa yakiwamaliza watu wa kwao. Wakampasua, wakakuta mayai ndani ya ini. Mnyoo wenyewe unaotaga mayai hayo ulipatikana mwaka 1904, pale Katsurada wa shule ya tiba ya Okayama alipoutoa ndani ya paka wa mkoa uleule, na konokono anayeubeba alijulikana mwaka 1913 kwa kazi ya Miyairi na Suzuki wa chuo kikuu cha Kyushu. Mwaka 1996 Yamanashi ilitangaza kwamba maradhi yale yamekwisha. Piga hesabu mwanangu: karibu miaka mia moja, na mwanzo wake ni mwanamke aliyeutoa mwili wake kwa watu ambao hawakuweza kumponya. Kila chupa ina mtu wake.

Kwa hiyo nilitaka kukujibu kwamba maabara nayo ni wodi, usiogope. Lakini nikisema hivyo najizuia. Laiti ningeuona kwa macho yangu ule mkojo wa mtoto ulivyokuwa mwekundu, nisingethubutu kumwambia mama yake kwamba kipimo hakidanganyi. Nilipotea kwa sababu niliiamini chupa nikamwacha mtu aliyesimama mbele yangu, na nadhani hilo ndilo unaloliogopa. Basi una haki ya kuogopa. Tena nikiligeuza jambo hili naona kwamba waliompapasa Naka tumbo walikuwa wakimgusa kila siku, nao hawakuwa na la kumfanyia mpaka darubini ilipowaonyesha. Mkono peke yake haukutosha. Hapo ndipo ninapokwama kila nikianza kukujibu, na karatasi hii ni ya tatu.

Niliporudi nilimtafuta yule mama. Bibi yako, aliyekuwa akiwajua watu wote wa pande zile, aliniambia wamehamia kwa wajomba zao upande wa Lunga Lunga. Nilikwenda mara mbili na dawa mfukoni, sikuwapata. Yule mtoto leo ni mtu mzima aliyepita miaka arobaini, na kama zile nambari zilibadilishana mifuniko, basi kuna mwingine aliyemeza dawa yake.

Uamuzi ni wako, nami nimemwahidi mama yako kwamba sitakusukuma. Lakini jana nilifungua lile sanduku la bati, nikalitoa koti la sufu nililorudi nalo. Nondo wamekula kola tu. Nimelianika uani, na fundi wa sokoni anasema atalipunguza mabega likukae vizuri ukimpelekea vipimo vyako kabla ya Ijumaa.

Ni mimi baba yako.